Madaha ya Ukoo

Katika jengo lile la ofisi za serikali, lenye ghorofa nne na lifti iliyokuwa pambo, kazi ya tarishi ilikuwa kuhamisha mafaili kutoka meza ya mtu asiyetaka kuamua jambo kwenda meza ya mtu asiyetaka kuliamua zaidi. Mwanamke mmoja aliifanya kazi hiyo tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na kwa uaminifu wote huo hakuna aliyemkumbuka kwa faili hata moja. Walimkumbuka kwa jinsi mafaili yalivyofika.

Alitembea kifua kikitangulia, mgongo umebonyea, kiuno kikienda upande huu kwanza, kikatulia kana kwamba kinashauriana na mtu, ndipo kikaenda upande ule. Hakuwa na haraka. Makarani waliinua vichwa, na mashine za chapa zikanyamaza chumba baada ya chumba kadiri alivyopita, hata mkurugenzi akiwa ghorofa ya juu aliweza kujua kwa ukimya tu faili lake limefika wapi. Mwendo huo watu waliuita madaha. Ni neno zuri, na lina faida kwamba halimwulizi mtu anaumwa wapi. Baada ya muda likawa jina lake. Jina la vyeti lilibaki kwa watu wa mishahara, wengine wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, walisema, "Mpe Madaha apeleke."

Mwenyewe alilipokea kama mtu anayepokea barua aliyokuwa akiitarajia. Mama yake alitembea vile vile, na dada yake mkubwa vile vile. "Sisi kwetu hatutembei," aliwaambia makarani wa kike waliojaribu kumwiga wakaishia kugongana na milango. "Sisi tunapita."

Masjala ilikuwa na dirisha linalotazama korido, na nyuma ya dirisha hilo alikaa karani mmoja mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko sura. Karani huyo alianza kuagiza mafaili ambayo hayakuwa yakihitajiwa na mtu yeyote, mengine ya watu waliokwisha kufa, ili ayaone yakiletwa. Aliagiza kwa muda mrefu. Siku alipopata ujasiri alimwambia, "Bibie, hii korido naitaka nyumbani kwangu." Kwa mtu wa masjala yalikuwa mashairi. Wakaoana, wakapata mtoto mmoja wa kike, na karani akafa angali mtumishi, wa homa iliyomkuta kati ya likizo mbili.

Binti alirithi miguu ya baba. Alitembea moja kwa moja, kama anayewahi benki kabla haijafungwa. "Huyu wangu," Madaha alikuwa akiwaambia wageni mbele yake, "ni mtoto mwema sana, lakini akitembea utadhani anapeleka kesi polisi." Binti hakubishana. Kubishana na mama yake kulihitaji muda, na yeye alikuwa na nguo za watu. Alikuwa fundi cherehani, mashine yake ameiweka chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, na katika nyumba hiyo alikaa na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alionekana nyumbani mara chache kuliko fundi wa bomba.

Kisha akazaliwa mjukuu wa kike.

Alichelewa kutembea. Wenzake walikuwa wameshaanza kuvunja vyombo, yeye bado anatambaa. Na fundi cherehani, ambaye kwa kazi yake alizoea kuona pale ambapo kitu hakikai sawa, aliona mapema kwamba akimbeba mtoto mgongoni miguu haifunguki. Ilikuwa inagoma, kama mkasi wenye kutu.

"Mama, hebu tazama. Mapaja hayapanuki."

"Ana haya," Madaha alisema. "Mtoto wa kike mwenye haya tangu tumboni. Mshukuru Mungu, siku hizi wamekuwa adimu."

Binti alimpeleka kliniki. Walimpima uzito. Uzito ulikuwa mzuri sana.

Siku mtoto alipoinuka na kuvuka sebule kwa mara ya kwanza, alivuka kifua mbele, mgongo umebonyea, kiuno kikienda upande huu, kikashauriana, kikaenda upande ule. Madaha alipiga kigelegele kilichomtoa kinyozi wa jirani na wembe mkononi, akimwacha mteja na nusu ya ndevu.

"Damu imeruka ukuta!" alisema. "Imemruka mama yake ikatua hapa!"

Mtoto akaitwa Kidaha. Kila mgeni aliyeketi katika nyumba ile alionyeshwa. "Kidaha, hebu nenda mpaka mlangoni urudi, wakuone." Kidaha alikwenda mpaka mlangoni akarudi. Wageni wakapiga makofi. Bibi yake alimfundisha kutulia katikati ya hatua, kuzungusha shingo kabla ya mwili, kutomjibu mtu anayeita kutoka nyuma. Fundi cherehani alikuwa chumba cha mbele akikanyaga mashine yake, na kila makofi yalipolia alikosea mshono.

Aliyeiharibu furaha hiyo ni mwalimu wa chekechea. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Mwalimu alimngoja mama yake langoni.

"Mama Kidaha, ameanguka tena."

"Watoto wanaanguka."

"Wanaanguka wakikimbia. Huyu anaanguka akisimama. Tukicheza mchezo wa kusimama mguu mmoja, anapinda mwili mzima kama mti unaokatwa. Wenzake wanamwita Bata. Mimi nawakataza, lakini na mimi nina macho. Mpeleke hospitali."

Nyumbani fundi cherehani alipiga simu kwa mumewe, aliyekuwa mpakani akisubiri mizigo.

"Mama anasemaje?" mume aliuliza.

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye baba."

"Mimi naishi kwenye nyumba ya mama. Mama akikubali, mimi nimekubali tangu jana." Alikuwa mtu mwenye adabu sana, hasa akiwa mbali.

Madaha alikubali kwenda hospitali kwa sababu moja: hakutaka mtoto apelekwe na watu wasioweza kumtetea. Walikwenda watatu. Mtoto alipigwa picha, na daktari wa mifupa, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, akamwita mama mtoto ndani. Madaha alibaki nje kwanza, akimweleza mtu wa mapokezi namna foleni zilivyopangwa enzi zake.

Daktari aliibandika picha kwenye ubao wa taa.

"Huu ni mfupa wa paja. Juu kabisa una kichwa cha mviringo, kama mpira. Hapa kwenye nyonga kuna kikombe. Kichwa kinatakiwa kikae ndani ya kikombe, kizunguke humo. Cha kwake kiko nje. Kiko huku juu, kimeegemea mfupa ubavuni. Pande zote mbili."

"Alianguka lini?"

"Hakuanguka. Amezaliwa hivi, au alikuwa hivi muda mfupi baadaye. Hakijawahi kukaa."

"Lakini haumwi, daktari. Hajawahi kulia."

"Bado. Watoto hawalii kwa hili, ndiyo maana tunachelewa kuwaona. Maumivu huja ukubwani, na yakija hayaondoki." Akachukua kalamu. "Kuna mtu kwenye ukoo anayetembea hivi?"

Fundi cherehani aligeukia mlango. Hakukosa jibu. Jibu lilikuwa njiani, linapita mbele ya dirisha la dawa. Korido ya hospitali ilikuwa ndefu, pana, imesuguliwa vizuri, na Madaha hakuwahi maishani mwake kuipoteza korido. Mlango ulikuwa wazi. Daktari aliweka kalamu chini akatazama, na alitazama mpaka mwisho, kama walivyokuwa wakitazama makarani, isipokuwa yeye alionekana kuhuzunika.

"Shikamoo, mama," daktari alisema Madaha alipoingia. "Karibu. Hiyo miguu inakusumbua tangu lini?"

"Marahaba. Miguu yangu, mwanangu, haijapata kumsumbua mtu ila wanaume."

Muuguzi aliyekuwa akipanga mikasi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Hilo nalikubali," daktari alisema. "Na ukilala? Ukipanda ngazi?"

"Baridi yabisi. Kila mtu wa umri wangu anayo."

"Umri gani?"

"Umri wa kutoulizwa."

Daktari akaacha. Akamweleza mama mtoto kinachowezekana. Wangemlaza, wangeufungua mguu mmoja kwanza, wasafishe kikombe kilichojaa nyama isiyo na kazi, wakirudishe kichwa ndani. Kwa kuwa misuli ilikuwa imeshazoea ufupi, wangekata kipande cha mfupa wa paja ili kichwa kishuke bila kulazimishwa, waufunge kwa chuma. Kisha wangekata mfupa wa nyonga juu ya kikombe na kuukunja, kikombe kipate paa, kwa sababu cha kwake kilikuwa kama kisahani. Halafu plasta kuanzia kifuani mpaka vifundoni. Mguu wa pili baadaye, vile vile.

"Kukata nyonga," Madaha alisema, "najua mimi, na hakuhitaji kisu."

Muuguzi alitoka nje kabisa. Kwa kizazi chake Madaha alikuwa sahihi. Maneno hayo yalikuwa ya ukumbi wa dansi, na ndani yake hamkuwa na damu. Daktari hakucheka.

"Mama, angeletwa mchanga tungemfunga mikanda tu, akae amepanua miguu kama chura, basi. Angeletwa alipoanza kutembea, kazi ingekuwa ndogo. Sasa ana miaka mitano, na pande zote mbili. Mwaka kesho au unaofuata atakuja hapa nami nitawaambia tumwache alivyo, kwa sababu kumgusa kutamharibu zaidi. Nafasi ninayo mwezi ujao. Mkiikataa naelewa, lakini siwezi kuwawekea."

"Na mkimkata atakuwa mzima?"

"Sijui. Anaweza kuwa na nyonga nzuri. Anaweza kuwa na nyonga ngumu. Mfupa unaweza kukosa damu ukafa. Kichwa kinaweza kutoka tena tukarudia. Nikikwambia jingine nitakuwa nauza kitu."

Madaha alishika mkono wa mjukuu wake. "Umemsikia mwenyewe," alimwambia bintiye. "Hajui. Twende."

Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na mashine ya cherehani na ukimya, na mashine ilikuwa na nafuu. Hoja ya Madaha haikuwa ya kijinga, na ndiyo iliyokuwa shida. Mtoto anatembea. Anakula, anacheka, halii. Unamchukua mtoto mzima, unamvunja mifupa kwa makusudi, halafu unangoja uone.

"Nyonga hizi nimezalia," alisema. "Nimepanda ghorofa nne na mafaili kichwani, lifti imekufa, miaka yote. Nani amewahi kunisikia nalalamika?"

"Na sasa, mama?"

"Sasa nimezeeka. Nako ni ugonjwa?"

"Unaoga umesimama. Viatu vya kamba umeacha kwa sababu huzifikii. Ukitoka unabeba mwavuli, kiangazi na masika."

"Jua."

"Haujafunguliwa siku hata moja, mama. Unauegemea."

Madaha alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka.

"Na mama mkubwa?" binti aliendelea. Alikuwa akimzungumzia dada yake Madaha, aliyekwisha kufariki. "Mama mkubwa alikaa kwenye kile kiti cha magurudumu tangu mimi niko shule ya msingi. Watoto wake walikuwa wanamsukuma kwa zamu. Alikuwa na nini?"

"Alipenda kukaa."

"Mama."

"Alipenda kukaa. Alikuwa mtu wa heshima, watu wanamfuata alipo."

"Chooni pia walikuwa wanamfuata?"

Hapo Madaha alikasirika kweli, na alipokasirika aliacha utani, jambo lililowatisha watu kuliko kelele.

"Sikiliza, we mtoto. Ukisema huyu ni mgonjwa, umesema na mimi ni mgonjwa, na mama yangu, na dada yangu. Umesema watu wa ofisi nzima walikuwa wanaacha kazi kumtazama kiwete. Baba yako alikaa kwenye dirisha lile akiagiza mafaili ya marehemu. Alikuwa anatazama nini? Ugonjwa?"

"Baba alikuwa karani, mama. Hakuwa daktari."

Ilikuwa kauli ya kweli tupu. Madaha akainuka kwa kushikilia meza, akaenda chumbani kwake. Binti alibaki akitazama mlango uliofungwa. Nafasi ya daktari ilikuwa imebakiwa na siku za kuhesabika kwa vidole, na yeye, ambaye alikata vitambaa vya watu asiowajua bila kusita, hakuweza kusema "ndiyo" ndani ya nyumba isiyokuwa yake juu ya mwili usiokuwa wake. Mara mbili alitoka mpaka kituo cha basi na mtoto, akarudi. Alimwogopa mama yake, lakini zaidi aliiogopa siku ambayo mtoto angeamka akiwa mbaya kuliko alivyolala, na mama yake akawa sahihi.

Kilichobadilisha mambo hakikusemwa na mtu mzima.

Ilikuwa saa kumi jioni, Madaha amekaa kwenye kiti chake kirefu barazani, na Kidaha alikuwa anacheza ofisi peke yake uani. Alikuwa amechukua mabaki ya karatasi za mitindo ya mama yake, ameyaweka kwapani, na mkono mwingine ameshika mwavuli. Alipita kifua mbele. Bibi yake alianza kutabasamu. Mtoto akafika kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akaugandamiza mwavuli chini, akafumba macho, akavuta pumzi kwa meno. Kisha akainua kichwa akatazama ukuta wa jirani kwa makini, kama vile ukuta ule una kitu cha kununua. Akaendelea. Akafika kwenye pipa la maji, akasimama tena, mkono kiunoni, meno.

"Unafanya nini hapo?" Madaha aliuliza.

"Natembea kama wewe, bibi."

"Mbona unasimama simama?"

"Hapa ndipo kwa kinyozi. Kwa kinyozi huwa unasimama. Halafu pale dukani unasimama unatazama viatu. Halafu unafanya hivi." Akafanya tena.

Madaha alijua vituo vyake. Alidhani anavijua peke yake. Kwa miaka alivipanga kwa akili nyingi, kila kimoja na kisingizio chake, na mtu wa miaka mitano alikuwa amevipanga uani bila kusahau hata kimoja.

"Na wewe," aliuliza, "ukisimama, unaumwa?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Hainiumi. Inachoka." Mtoto alifikiri. "Shuleni nasimama kwenye bomba. Namwambia mwalimu nataka maji."

Kesho yake asubuhi Madaha alivaa gauni lake la ofisini, ambalo sasa lilimbana, akaondoka bila kuaga. Hospitali alimwambia mtu wa mapokezi kwamba hana miadi na kwamba alikuwa mtumishi wa serikali kabla yeye hajazaliwa, hivyo asimweleze habari za utaratibu. Alipofika kwa daktari alisema, "Nipige hiyo picha yako. Mtoto umempiga, mimi umeniacha."

Daktari alibandika picha mbili kwenye ubao wa taa, sambamba. Hakueleza. Hapakuwa na haja. Mtu aliyebeba karatasi za serikali maisha yake yote anajua rasimu na anajua nakala iliyokwisha kusainiwa. Picha ya mtoto ilikuwa rasimu. Yake mwenyewe ilikuwa ile ile, imekamilishwa: vichwa viwili vya mfupa juu kabisa nje ya mahali pake, vimesagika, vimechimba vishimo vipya kwenye mfupa usiokuwa wao, kama wapangaji waliohamia kwa nguvu.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Tangu kuzaliwa, mama. Nashangaa umetembea muda wote huo. Sijui ulifanyaje."

Ilikuwa sifa, na ya kweli, lakini haikumfurahisha.

"Siku ile uliuliza swali," alisema. "Binti yangu hakukujibu."

"Niliuliza kama kuna mtu kwenye ukoo."

"Mama yangu. Dada yangu. Mimi. Pengine na wa nyuma yao, lakini hao nilisikia sifa zao tu." Akanyoosha gauni lake. "Tulikuwa tunaita madaha."

Daktari alishika kalamu. "Niandike nini?"

"Andika unavyoita wewe. Mimi hilo langu nimelizoea."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Uliposema angeletwa mchanga. Mikanda tu?"

"Mara nyingi, ndiyo."

"Mama yake aliona. Miguu ilikuwa haifunguki. Nilimwambia mtoto ana haya." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja nambari ya faili, na akatoka. Daktari aliutazama tena mwendo wake kwenye korido. Alikuwa anasimama kila baada ya milango michache, na safari hii hakuwa anajifanya anatazama kitu.

Nyumbani alimkuta bintiye ameinamia mashine.

"Mpigie mumeo," alisema. "Mwambie mama amekubali, kwa hiyo na yeye amekubali tangu jana."

Mguu wa kulia ulipasuliwa siku chache baadaye, katika nafasi ile ile. Wanawake wawili walingoja nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Binti amekaa kwenye benchi, mama amesimama, kwa sababu benchi lilikuwa fupi na akishakaa kwenye kitu kifupi huwa ni shughuli ya watu wawili kumwinua. Hawakuzungumza isipokuwa mara moja.

"Akifa," binti alisema.

"Usiseme."

"Nasema ili nisikie nilivyosema. Ndani ya kichwa ni vibaya zaidi."

Daktari alitoka jioni akiwa na alama za barakoa usoni. Kichwa kilikuwa kimeingia, kikombe kimepata paa, picha ilikuwa nzuri. Mtoto alitolewa ndani ya plasta iliyomshika kuanzia kifuani mpaka vifundoni, miguu imetawanyika, fimbo imefungwa katikati ya miguu ili isikaribiane, na chini tundu moja la haja. Alikuwa anabebwa kwa kulazwa ubavu ili apite mlangoni, kama kabati linalohamishwa. Kinyozi alisaidia kubeba. Wateja wake walishazoea.

Wiki zile za plasta ya kwanza zilikwisha. Mguu wa kushoto haukuwa mwepesi kama wa kulia. Upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi, na daktari alipotoka alivua kofia yake ndipo akasema.

"Kimeingia. Lakini sipendi kinavyokaa. Kikombe cha huku ni kibaya zaidi, na kichwa kimebonyea kwa kuegemea mfupa muda mrefu. Tumemfunga. Tutaona plasta ikitoka."

"Tutaona nini?" fundi cherehani aliuliza.

"Kama kimebaki ndani."

"Na kama hakikubaki?"

"Tutazungumza siku hiyo, mama."

Muda mrefu: Madaha alisikia maneno hayo mawili peke yake, na mengine yote yakapita. Hakuyasema kwa bintiye. Bintiye naye hakumkumbusha kuhusu mtoto mwenye haya tangu tumboni, wala siku ile wala baadaye, na Madaha alitamani angekumbusha.

Wakarudi nyumbani, na mchana, fundi cherehani akiwa na mashine yake, ilikuwa zamu ya bibi. Kiti chake kirefu kiliinuliwa kikawekwa kando ya kitanda. Kazi yake ilikuwa kugeuza, kulisha, kusafisha, kusimulia, na kukuna. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu plasta haina mlango. Muuguzi alikuwa ameonya wasichomeke kitu humo ndani, si kijiti wala sindano ya kufumia. Mtoto akiwashwa, waigonge plasta kwa nje, mtikisiko utamtuliza. Kwa hiyo siku nzima nyumba ilisikika mashine ikilia chumba cha mbele na vidole vikigonga chumba cha nyuma, kama ofisi mbili zinazofanya kazi kweli.

"Bibi," Kidaha alisema siku moja, akitazama dari. "Nikitoka humu nitatembea kama wewe?"

"Hapana."

"Kama nani?"

"Sijui. Bado hatujaona."

Midomo ya mtoto ikaanza kucheza. "Mimi nataka kama wewe."

"Najua."

"Sasa kwa nini hapana?"

Madaha alikuwa na majibu mengi ya watoto, mazuri, yaliyokwisha kujaribiwa. Alipitia yote akayaacha.

"Kwa sababu mimi naumwa."

Mtoto aligeuza shingo, ndicho kitu pekee alichoweza kugeuza. "Wapi?"

"Hapa. Na hapa."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipozaliwa."

Kidaha alirudisha macho darini. Chumba cha mbele, mashine ilikuwa imesimama. Uzi ulikuwa umekatika, au fundi alikuwa anasikiliza.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasifiwa," Madaha alisema.

Mtoto hakuliona jibu hilo kuwa na maana, wala hakuna sababu ya kumlaumu. Alikunja uso. "Inawasha," alisema. "Kushoto. Kushoto tena."

Bibi yake alisogeza kiti, akaanza kugonga. Mguu wa kushoto ulikuwa unawasha kuliko wa kulia tangu walipotoka hospitali, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kama hiyo ilikuwa dalili nzuri au mbaya. Fundi cherehani alikuwa amempigia daktari simu kumwuliza. Daktari alisema ilikuwa dalili ya plasta.